Pumzi za Dakika Nzima

Machi 4

Mvua ya kwanza imeanguka alfajiri, na ilipofika saa nne wodi ya watoto ilikuwa imeshapokea vifua sita. Ndivyo tunavyosema hapa: "Daktari, kifua kingine kimeingia," kana kwamba kifua kimejiletea chenyewe bila mtoto.

Daftari hili nimeletewa na mzee wangu. Fomu za utafiti wangu zina visanduku vya kila kitu isipokuwa hasira zangu, na yeye amechoka kuzisikia kila tukinywa chai. "Mweleze huyu," alisema akiweka daftari mezani. "Mimi nipumzishe masikio." Miaka thelathini na tatu ya ndoa, hiyo ndiyo zawadi.

Basi nimweleze huyu. Mwezi wa saba nastaafu. Miaka kumi na moja iliyopita niliandika makala iliyonipa jina, kuhusu watoto wachanga ambao mapafu yao yamejaa nimonia lakini hawahemi haraka. Ugonjwa huo niliuita nimonia ya kimya. Watu wamenialika huku na huko kuusema. Kitu kimoja tu sijawahi kukieleza: kwa nini. Naamini ni kinga. Naamini miili ya watoto hao haijajua kupigana, ndiyo maana haihangaiki. Msimu huu tunachukua damu ya kila mtoto tunayempima, na damu itasema. Nina miezi mitatu ya mvua, basi.

Machi 5

Vifua vinne. Mvua.

Machi 9

Tumeletewa muuguzi mpya kutoka kliniki ndogo ya mbali. Kijana mpole, miaka kama thelathini, viatu safi. Nimempa jina la Kobe, kimoyomoyo, kisha kwa bahati mbaya likanitoka mdomoni mbele ya wenzake, na sasa limeshamganda.

Wenzake wanapima watoto ishirini kwa asubuhi moja. Yeye amepima wanane. Anamlaza mtoto kitandani, anamfunua shati, anachuchumaa mpaka macho yake yanalingana na tumbo la mtoto, kisha anahesabu pumzi dakika nzima. Mtoto akijigeuza, anaanza upya. Mtoto akilia, anasubiri anyamaze.

"Mwanangu," nikamwambia, "foleni imefika barabarani."

"Naiona, mama," akajibu, na hakunyanyua macho.

Nikamwonyesha sentensi iliyoko kwenye fomu, niliyoiandika mwenyewe miaka ile: mtoto akisumbua, alazwe kifuani kwa mama yake, atulie, pumzi zihesabiwe mgongoni. Njia hiyo ni ya huruma na ni ya haraka. Akaisoma taratibu, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kitanda chake.

Machi 17

Leo nimegombana na mtu wa maabara. Tunamwita Bwana Tone kwa sababu kila siku anaomba damu zaidi: "Tone moja tu, daktari, tone moja." Amelinganisha damu ya watoto wa kimya na ya wale wanaohema haraka. Kingamwili ni zilezile, chembe za damu ni zilezile.

"Haiwezekani," nikasema.

"Inawezekana, maana ndivyo ilivyo."

"Rudia."

"Nimerudia."

"Basi rudia tena, na safari hii fumbua macho."

Aliondoka shingo upande. Nimejuta kidogo, si sana.

Machi 18

Mzee wangu ana mafua. Anaugua kama mtu wa kwanza duniani kupata mafua. Nimemwambia ana bahati, kwenye utafiti wangu umri wake hautakiwi.

Machi 26

Wiki tatu sasa. Wauguzi wengine wamepata watoto wa kimya tisa. Kobe amepima watoto sabini na mmoja na hakupata hata mmoja.

Nimemwita ofisini nikampa vidonge vyake. Nilimwambia utafiti si mahali pa kubahatisha. Nilimuuliza inakuwaje wenzake wanawaona na yeye hawaoni, au kwake hawaji?

"Wanakuja, daktari."

"Sasa?"

"Kwangu wanahema."

Alisema hivyo bila ujeuri wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kesho anahamia chumba cha kupima uzito. Huko akichelewa haharibu kitu.

Machi 30

Vifua kumi na nane. Vitanda vimekwisha, watoto wanalala wawili wawili. Sina nguvu ya kuandika.

Aprili 2

Bwana Tone amerudia mara ya tatu. Damu ni zilezile. Safari hii hakuniletea mwenyewe, aliisukuma karatasi chini ya mlango.

Aprili 11

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Saa mbili asubuhi alikuja mama wa pacha. Watoto wa kiume, miezi mitano. Anawaita Mkubwa na Mdogo, kwa sababu mmoja amemtangulia mwenzake dakika kumi na moja. Wote wanakohoa siku tatu. Nikawawekea kipimo cha oksijeni kidoleni: wote imeshuka, na kwa kiwango kilekile. Nikawapiga picha ya kifua: wote wana doa jeupe upande wa kulia, utadhani picha moja imechapwa mara mbili. Tukawawekea mipira ya oksijeni puani na sindano ya kwanza.

Niliwahesabu mwenyewe. Mkubwa alikuwa amelala kitandani: pumzi sitini na nne kwa dakika. Mtoto wa umri huo akifika hamsini tu tunashtuka. Mdogo alikuwa msumbufu, akivuta mpira na kulia, kwa hiyo nikafuata fomu yangu. Mama akamlaza kifuani, akatulia, nikahesabu mgongoni. Thelathini na mbili.

Niseme kweli, kwa sababu hapa ni mimi na daftari tu: nilifurahi. Mtoto alikuwa mgonjwa mbele yangu na mimi nilifurahi. Pacha wa tumbo moja, nyumba moja, ugonjwa mmoja, mmoja anahema na mwenzake ni wa kimya. Kama jibu lipo kwenye damu, litakuwa kwenye damu ya hawa wawili. Nilimpigia Bwana Tone simu, nikamwambia aache kila kitu aje. Kisha nikaenda kumwita mkuu wa idara aje aone kwa macho yake.

Tuliporudi saa sita, mama alikuwa amewabadilisha. Mkubwa alitaka kunyonya, sasa amesinzia kifuani. Mdogo amelala kitandani. Nikaona haidhuru, nikamwambia mkuu ahesabu pamoja nami. Tukaanza na aliyeko kifuani, ambaye asubuhi alikuwa na sitini na nne. Thelathini na moja.

Mkuu akaniangalia. Nikamwendea Mdogo, mtoto wangu wa kimya. Nikamfunua shati. Sikuhitaji hata saa. Tumbo lilikuwa linakwenda mbio na nyama ya chini ya mbavu inazama kila akivuta. Sitini na sita.

"Wamebadilishana?" mkuu akauliza. Nikasema labda dawa, labda mmoja amepata nafuu na mwingine amezidiwa. Nilikuwa nasema tu.

Mama wa pacha akatuangalia sote wawili. Ni mshonaji, aliniambia asubuhi, na ana ile tabia ya mshonaji ya kuangalia kitu kwa muda kabla ya kukigusa.

"Daktari, nikuulize bila kukuudhi?"

"Uliza, mama."

"Huyu akiwa hapa kifuani kwangu, ukimwangalia mgongo unavyopanda na kushuka, si ni mimi unanihesabu?"

Nikamwambia hapana, sisi tumezoea kazi hii.

"Haya," akasema. "Hesabu tena. Mimi nitabana pumzi."

Akabana. Mawimbi yale makubwa ya mgongo wa mtoto, niliyoyahesabu msimu baada ya msimu, yakasimama palepale. Chini yake nikaona kitu kingine, kidogo, cha haraka, kama kitambaa kinavyotetemeka chini ya cherehani. Alibana sekunde kumi na tano hivi mpaka macho yakamtoka. Nilihesabu kumi na sita. Mara nne, sitini na nne.

Akaachia pumzi. Mgongo wa mtoto ukaanza tena kupanda na kushuka polepole, kwa utulivu, pumzi za mama mzima asiyeumwa chochote.

Mkuu alisema ana kikao, akaondoka. Mama wa pacha akaniuliza kama amekosea kusema. Nikamwambia hajakosea, nikamshukuru, nikaenda kukaa kwenye chumba cha mashuka.

Aprili 12

Sikwenda kazini. Ni mara ya kwanza tangu nimzae binti yetu.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka mwisho, masikio yake hayakulalamika. Alikuwa karani wa mahakama, anapenda kitu kilichonyooka. Akauliza, "Kwa hiyo ugonjwa wako haupo?"

"Ugonjwa upo. Ukimya ndio haupo."

"Na waliolazwa kifuani ni watoto gani?"

"Wasumbufu."

"Na wasumbufu ni nani?"

Jibu ndilo lililoniumiza. Mtoto anayekosa hewa ndiye anayehangaika. Waliozidiwa ndio niliowalaza kifuani, na waliozidiwa ndio nikawaandika kuwa wanapumua vizuri. Nililia mezani pale. Yeye akanawa vikombe, akaniacha nilie.

Aprili 14

Nimetoa mafaili ya zamani kutoka stoo. Kwenye makala ile kulikuwa na watoto wa kimya sitini na mmoja. Fomu ina kisanduku kidogo, "amepimwa kifuani kwa mama," nilikiweka mwenyewe kwa kupenda usafi wa kumbukumbu. Hamsini na saba kati yao wana alama ya vema. Wanne hawana. Hao wanne sijui, labda wapo wa kweli wachache sana. Lakini jina langu halikujengwa juu ya wanne.

Aprili 15

Nimekwenda chumba cha uzito. Kobe alikuwa anasubiri mshale wa mizani utulie.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Ulikuwa unahesabu sawasawa, na mimi nikakuona mzembe."

Akaandika uzito kwanza. Kisha akasema, "Si kitu, mama."

"Ni kitu. Kesho unarudi, na utawafundisha wenzako."

"Nitawachelewesha."

"Wacheleweshe," nikasema. "Na uanze na mimi."

Aprili 16

Mkuu wa idara ameniita. Mtu mwema, namwambia huyu daftari, si adui. Alisema nimebakiza miezi mitatu. Alisema makala ina miaka kumi na moja, watu wameshaipita, na fomu tunaweza kuibadilisha taratibu bila kelele. "Staafu na heshima yako," alisema. "Nani atakulaumu?"

Nikasema nitafikiri.

Aprili 17

Nafikiri.

Aprili 18

Mvua kubwa, paa la wodi linavuja kitanda cha tisa. Pacha wote wameanza kunyonya vizuri. Nafikiri bado.

Aprili 20

Tulikuwa tunakunywa chai na Kobe. Nikamuuliza nani alimfundisha kuhesabu vile. Akasema ni dada mkuu wa wauguzi kwenye kliniki alikotoka, zamani, kabla hawajaacha.

"Kuacha nini?"

"Kuhesabu. Ililetwa karatasi, ikabandikwa ukutani. Inasema pumzi za mtoto mchanga si za kutegemea, nimonia inaweza kuwa ya kimya. Watu wakaona kama hesabu haisemi kitu, wahesabu ya nini? Wakawa wanaangalia kwa macho. Mtoto akichangamka, anapewa dawa ya kikohozi, anarudi nyumbani."

"Na chini ya karatasi kuna jina langu."

"Lipo, mama."

"Wewe hukuacha."

"Mimi mzito wa kubadilika."

Nikamuuliza wale waliorudishwa nyumbani, walirudi tena kliniki wakizidiwa? Akakizungusha kikombe chake.

"Wengine walirudi," akasema.

Sikuuliza zaidi. Hakuna fomu ya hao wengine, wala hakuna mtu atakayeniletea idadi yao, na nitakaa nayo hivyohivyo bila idadi. Lakini kufikiri kumekwisha.

Aprili 22

Barua kwenda kwenye jarida nimeiandika asubuhi hii, ukurasa mmoja. Nilijaribu kuipamba, nikafuta. Imebaki hivi: watoto niliowaita wa kimya walikuwa wanahema haraka, tulihesabu pumzi za mama zao, kosa ni la fomu, na fomu niliitunga mimi, hesabuni watoto wenu, wakiwa wamelala, kifua wazi, dakika nzima. Nimeambatanisha kumbukumbu zote na jina la mama mshonaji, kwa ruhusa yake, kama mtu aliyeligundua kosa. Aliposikia alicheka, akauliza kama jarida lenyewe linahitaji sare.

Nimempa mkuu nakala. Akaisoma mara mbili, akatia saini ya kuipokea. Mlangoni akanishika bega.

Aprili 25

Pacha wameruhusiwa. Mkubwa amenitapikia koti.

Mei 3

Watoto mia moja na kumi na wawili kwa utaratibu wa Kobe. Wa kimya: hakuna. Foleni inafika barabarani, nimeomba mabenchi. Akina mama walinung'unika siku mbili za kwanza, siku ya tatu niliwakuta wawili wanahesabiana watoto kwenye benchi kwa saa ya simu, na mmoja anamkemea mwenzake, "Shoga, umeruka."

Mei 9

Nilikwenda maabara kuomba radhi. Bwana Tone alinisikiliza mikono mfukoni.

"Damu ilikuwa inakuambia tangu Machi," akasema. "Watoto walikuwa sawa, damu ikawa sawa. Ulitaka idanganye?"

"Nilitaka."

Akacheka, tukapatana. Kisha akanionyesha kitu. Amechukua hesabu mpya na kuzipanga pembeni ya damu zake. Watoto wa chini ya miezi sita wenye kingamwili nyingi, zile wanazopewa na mama zao kabla ya kuzaliwa, wanahema haraka kwa siku chache tu kisha wanatulia. Wenye chache wanakwenda wiki nzima. Si jibu bado. Inahitaji misimu mingine miwili au mitatu, na mimi sitakuwepo.

"Nani ataendesha?" akauliza.

Nikamwambia nimeshamwona mtu, ila ni mzito.

Mei 10

Kobe amekubali. Alichukua siku nzima kujibu, bila shaka.

Mei 21

Jarida limejibu. Barua itachapwa, na makala ya zamani itawekewa alama ya onyo. Kwenye kikao cha idara mtu mmoja wa nyuma alisema kwa sauti ya kusikika kwamba daktari amewahesabu akina mama miaka kumi na moja. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Iliuma mpaka nilipofika nyumbani. Nilimsimulia mzee wangu, akacheka mpaka akakohoa, na hapo ikaacha kuuma.

Juni 6

Mvua zinaondoka, leo ni manyunyu tu. Nimekwenda na Kobe kwenye kliniki yake ya zamani. Mwendo wa saa tatu, tope mpaka milangoni. Niliomba kwenda mwenyewe, kwa sababu karatasi ina jina langu na barua ya jarida haisomwi huko.

Dada mkuu ni mwanamke wa umri wangu. Alinikaribisha kwa heshima nisiyoistahili, akanionyesha karatasi ukutani. Imegeuka rangi. Nilimweleza mbele ya wahudumu wake watatu na akina mama wote waliokuwa kwenye benchi, kwamba nilikosea, jinsi nilivyokosea, na nini kifanyike. Dada mkuu akaigeukia karatasi.

"Kwa hiyo tulikuwa tunafanya sawa mwanzoni," akasema.

"Mlikuwa sawa. Mimi ndiye niliyewaharibia."

Akaibandua karatasi yeye mwenyewe, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti lake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mtoto wa kike wa miezi saba. Anakohoa kidogo, hana homa kubwa, anamchekea kila mtu, ameshika stethoskopu yangu anaitafuna. Mhudumu mdogo alikuwa ameshachukua chupa ya dawa ya kikohozi. Dada mkuu akamwambia aiweke chini. Akamlaza mtoto, akamfunua shati, akachuchumaa, na magoti yake yakalia. Mimi nikachuchumaa upande wa pili.

"Hamsini na nane," akasema.

"Hamsini na nane," nikasema.

Mama wa mtoto akatuangalia. "Mbona anacheka, jamani?"

"Anacheka na anaumwa," dada mkuu akamwambia. "Tumemwahi."

Gari letu lilikuwa moja. Nikampa mama kiti changu, Kobe akakaa naye nyuma akimshika mtoto asiminywe, wakaondoka kwenda hospitali. Mimi nikabaki na dada mkuu. Tuliwahesabu wote waliokuwa kwenye benchi, watoto ishirini na watatu, mmoja mmoja, dakika nzima kila mmoja, na mgongo umenikatika hadi sasa.

Kobe alipiga simu saa tisa. Mtoto amelazwa, yuko kwenye oksijeni, sindano ameshapata, anaendelea vizuri. Akasema mama yake anataka kujua tulimpima kwa mashine gani mpaka tukauona ugonjwa ambao yeye mzazi hakuuona.

"Umemjibu nini?"

"Nilisema nikuulize wewe kwanza, daktari."

Nikamwambia amfundishe kuhesabu.